Daftari la kliniki lililofika mahakamani

Siku mdogo wangu alipokamatwa hapa Pasua, Moshi, kwa kuvunja vioo vya duka la jirani, mama aliingia chumbani akatoka na daftari la kliniki la mdogo wangu, akalitia mkobani bila kusema neno. Mdogo wangu alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa miaka tisa, na kwa miezi miwili hakuwa amechomwa sindano yake ya kila mwezi. Kituoni tuliambiwa kwamba dawa si kazi yao, jibu ambalo liliniuma kuliko zile pingu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Kanuni ya Adhabu inamhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo mgonjwa akisimama kizimbani amenyamaza, kimya chake kinaweza kuonekana kiburi iwapo ndugu wanaoujua ugonjwa wake wako nje wanalia. Sisi tulimwomba karani atuelekeze kwa mwendesha mashtaka, tukampa nakala za kurasa zenye tarehe na majina ya dawa, naye akazifikisha kwa hakimu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuahirisha shauri na kuamuru mshtakiwa akachunguzwe katika hospitali ya magonjwa ya akili, ambayo inatakiwa kuleta ripoti ndani ya siku 42. Kwetu amri hiyo ilimaanisha hospitali ya Isanga, Dodoma. Tulianza kuhesabu siku palepale mahakamani, kumbe zinahesabiwa tangu mgonjwa apokelewe hospitalini. Kabla ya hapo yumo mahabusu, akingoja gari na askari wa kumsindikiza. Mama alisafiri kwa basi kupitia Babati na Kondoa kwenda kumpelekea sweta.

Mtaani wanasema tulimtafutia karatasi ya wazimu akwepe jela. Wasilolijua ni kwamba mahakama ikiona mtu alitenda kosa akiwa hana akili timamu, haimwachii aende zake siku hiyohiyo, bali anazuiliwa kwa matibabu, na muda wa kutoka haujulikani mapema kama wa kifungo.

Mdogo wangu alirudi baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Baba mdogo alitaka akakae kihambani, kwenye shamba la ukoo, Kibosho, mbali na maduka ya watu. Mama alikataa, kwa sababu kutoka kule hadi kliniki ni nauli mbili, na anakumbuka vizuri kwamba ile miezi miwili ilianza kwa kukosa nauli moja.