Siku moja na mimi, nesi wa kliniki ya presha

Saa 11 alfajiri. Alamu imelia nimeizima, mwili hautaki kabisa. Afu meseji inaingia, mama mmoja wa grupu letu la kutembea: "dada nishatoka, nipo hapa kwenye kona." Sasa mtu kasimama gizani anakusubiri, utalalaje? Nilivyokuwa natembea peke yangu sikuwahi kumaliza hata wiki 3, nasema ukweli.

Saa 11 na dakika 20 tuko 7 tunaondoka. Sheria yetu ni moja tu, mwenye mwendo wa polepole kuliko wote ndo anakaa mbele, na huyo ni mzee wetu mmoja mstaafu, hakuna anayeachwa nyuma akihema. Mwendo tunaupima kwa mdomo, uweze kupiga stori ila usiweze kuimba, ukiona unaimba vizuri ongeza, ukishindwa kumaliza sentensi punguza. Dakika 30 mara 5 kwa wiki unapata 150, ndo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kwa mtu mzima, yani hata wasiopenda jimu wanafikisha kwa stori tu.

Saa 2 asubuhi kliniki, foleni ishajaa. Anaingia kaka mmoja dereva wa basi, kapanda ngazi mbio, anataka nimpime hapo hapo arudi kazini. Namwambia kaka yangu kaa kwanza dakika 5, egemea kiti, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, na usiongee. Nimepima 152/96, nikasubiri nikarudia, 146/94, zote ziko juu. "Lakini nesi mbona sijisikii chochote?" Hilo swali nalisikia kila siku na linaniuma kila siku, maana presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kukupa dalili hata moja huku inachosha moyo, mishipa na figo. Kipimo cha siku moja hakitoshi kumwambia ana ugonjwa kwa hiyo nikampangia siku za kurudi, afu nikamsimulia habari za London, daktari Jerry Morris na wenzake mwaka 1953 walitoa utafiti wao wa mabasi ya ghorofa, madereva waliokaa siku nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na gari ni lile lile. Akanyamaza. Akasema anaingia kazini saa 11 alfajiri kwa hiyo grupu letu hawezi. Nikamwambia basi mtafute kondakta wako, mkifika stendi mnasubiri zamu zungukeni wote wawili dakika 10, mkifanya mara 3 kwa siku ushamaliza.

Saa 7 nimekula haraka nikarudi.

Saa 9 alasiri kaja mama aliyeacha dawa mwezi mzima kisa ameanza mazoezi na anajisikia mwepesi, presha imepanda vibaya. Jamani tembeeni lakini dawa msiache mpaka daktari wako aseme, nawaomba sana.

Saa 11 jioni natoka, napita ile kona yetu na kila nikipita pale namkumbuka mwenzetu mmoja aliyesema kifua kinabana, tulikuwa katikati ya safari na yeye alitaka kuendelea tu, anasema itapita. Aliyekuwa pembeni yake ndo akaona jasho linamtoka na hakuna joto, na anashika mkono wa kushoto, tukasimama wote, mmoja akapiga simu, hospitali tukafika mapema, yupo hai mpaka leo. Angekuwa peke yake angeendelea kutembea.

Saa 2 usiku nasoma meseji za grupu, kila mtu anaandika ameamkaje na ameshindaje. Mzee wetu hajaandika leo. Nampigia. Yupo salama, magoti tu yanamuuma anaona aibu kutuchelewesha. Nikamwambia baba, kesho tunapita njia fupi.

Nikaandika kwenye grupu: njia fupi, saa 11 na dakika 20, mzee anakaa mbele kama kawaida.