Tulivyoibadilisha akili gilotini ya mjomba

Kalenda ndizo zilizotulazimisha. Novemba 2013 kiwanda cha uchapaji cha mjomba, pale Ngamiani, Tanga, Barabara ya Tisa, kilikuwa na oda za kalenda zimejaa mpaka mlangoni, na gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, ikaanza kusema uongo. Kioo chake cha namba kilikuwa kinakufa kipande kipande: kijistari kimoja hakiwaki, 8 inasomeka 6. Unaagiza milimita 297, ule ubao wa chuma wa nyuma unaosukuma karatasi unasimama 296 na ushee. Mara nyingine hausimami kabisa, unakwenda hadi mwisho wa njia na kugonga. Na karatasi ikishakatwa imekatwa, hakuna pa kuirudisha.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, upana wa sentimita 92, ya miaka ya themanini, iliyoingia Tanga ikiwa mtumba. Chuma chake hakikuwa na neno. Tangu Mfaransa Massiquot alipoandikisha mashine ya namna hii mwaka 1844, kazi ni ileile: bana karatasi, shusha kisu, inua. Ukiipa grisi na kisu ukakinoa kwa wakati, itawazika wenye nayo. Kinachozeeka ni ile akili iliyofungwa ndani ya kabati la bati ubavuni, na kwa hewa yetu ya chumvi inazeeka upesi.

Mafundi wawili walishakuja wakasema bodi zake hazitengenezwi tena, anunue mashine nyingine. Mjomba alipopiga hesabu ya mashine nyingine akanipigia simu mimi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi umeme, nafanya kazi Dar, na kwa mjomba nilikuwa fundi wa bei nafuu.

Nilipolifungua kabati nilielewa. Ile betri ndogo ya kutunzia kumbukumbu ilikuwa imevuja, maji yake yakala njia za shaba kwenye bodi, zimebaki alama kama za konokono aliyepita ukutani. Miguu ya soketi ilikuwa na kutu ya kijani. Niliigusa moja kwa ncha ya bisibisi, ikakatika na kuanguka chini ya mota. Kulehemu mahali kama hapo ni kupoteza risasi.

Tukaamua kung'oa akili yote. Gerezani, Dar, nikapata PLC ndogo ya Siemens, yaani kompyuta ya kuendeshea mashine, skrini ya kugusa, inveta ya kuendeshea mota ya ubao wa nyuma, na enkoda, kifaa cha kuhesabu mizunguko, ya kufunga kwenye skrubu ndefu inayousogeza ule ubao. Skrubu ile ikizunguka mara moja, ubao unasogea milimita 10. Enkoda inatoa mapigo 1,000 kwa mzunguko. Kwa hiyo pigo moja ni sehemu ya mia ya milimita, na hiyo inatosha kwa kalenda, inatosha hata kwa kadi za harusi, ambazo ndizo zenye wateja wakali kuliko wote.

Hesabu kwenye karatasi haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba ubao ukitoka nyuma kuja mbele unasimama sawasawa, ukitoka mbele kurudi nyuma unapishana kidogo, kwa sababu nati ya skrubu imelika na imelegea. Nilikuwa nafikiria kuagiza nati mpya. Mkataji wetu, ambaye sote tulimwita Babu, alikuwa amekaa kwenye rundo la rimu ananitazama.

"Mwanangu, we huoni mkono wangu?" akasema.

Akashika gurudumu la mkono, akaurudisha ubao nyuma kupita kipimo, kisha akauleta mbele taratibu mpaka kwenye kipimo. Kila siku alikuwa akifanya hivyo, na mimi nikidhani ni mazoea ya uzee. Nikaiandika kwenye programu jinsi alivyofanya: kila safari ya kurudi nyuma, pita milimita tano, halafu njoo mbele. Nati haikuagizwa.

Babu alikuwa na maringo ya kazi yake, na sababu anayo. Ukimgusa atakwambia Tanga ilikuwa inachapa gazeti la Kiswahili, *Kiongozi*, kwenye shule ya serikali enzi za Mjerumani, kabla ya vita vya 1914, na kwamba waliolikata hawakuwa na skrini yoyote. Utadhani alikuwapo.

Ugomvi wenyewe ulikuja kwenye vitufe. Gilotini ina vitufe viwili vya kukatia, kimoja kushoto kimoja kulia, mbali makusudi, na lazima uvibonyeze kwa pamoja, visipishane zaidi ya nusu sekunde, ili mikono yote iwe nje kisu kikishuka. Ukiachia kimoja, kisu kinasimama. Chini kuna pedali, lakini hiyo kazi yake ni kushusha kibano tu, uone mstari wa kukata.

Mjomba akaja na wazo. "Sasa si kompyuta hii? Iambie pedali ikate. Mkono mmoja ushike karatasi, tumalize kalenda."

Nikamwambia, shikamoo mjomba, lakini hilo hapana. Vitufe sikuvipitisha kwenye PLC peke yake. Nilivifunga kwenye rilei ya usalama, swichi inayoendeshwa na umeme, pamoja na ule mwali wa taa wa mbele ya meza unaozuia kisu mkono ukiukatiza, na swichi inayothibitisha kisu kiko juu. PLC inatoa ruhusa tu, ubao ukishatulia. Programu ikichanganyikiwa, kisu hakishuki. Mjomba akanuna, akasema vijana wa siku hizi mnapenda kuongeza waya ili bei ipande.

Babu hakujibu kitu. Alitoka, akarudi na mhogo mbichi kutoka kwa mama wa chipsi wa nje, mwembamba, wa unene wa vidole viwili. Akaulaza chini ya kibano, akarudi nyuma, akabonyeza vitufe vyote viwili. Kibano kikashuka kwanza, mhogo ukapasuka, maji meupe yakatambaa mezani; kisu kikafuata na kuukata ule ubapa kana kwamba hakuna kitu. Akayafuta yale maji kwa kitambaa, akainama kukagua makali. "Pedali ya nini, bosi?" Suala la pedali likaishia hapo.

Kalenda zilitoka, baadhi zikachelewa. Babu hakuipenda skrini, ila aliipenda kumbukumbu yake ya vipimo. Lalamiko lake lilikuwa moja. Zamani ubao ukifika, rilei kabatini ilikuwa inapiga "ta!", naye anajua bila kutazama; akili mpya yangu ilikuwa kimya, anabaki kuangalia skrini kama mtoto na katuni. Nikachukua rilei moja ya zamani iliyobaki nzima, nikaifunga kwenye PLC, ipige kila ubao unaposimama. Haikuwa na kazi nyingine.

Mjomba alipopitia hesabu yangu akakuta nimeandika ufundi wa rilei moja. "Hii ya nini?"

"Ya kelele."

Akamtazama Babu, akanitazama mimi, akalipa.