Theluji Iliyomfungia Mtu Njia

Nilikulia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako jua la saa saba halimpi mtu nafasi ya kuogopa mizimu. Nilipoisoma Wuthering Heights, riwaya ya Mwingereza Emily Brontë, mara ya kwanza, kurasa za upepo na theluji nilizirukaruka. Nilitaka kujua nani anampenda nani.

Deni hilo nililipa nilipoanza kufundisha fasihi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Kitabu tulikisoma kwa Kiingereza, mjadala tukaufanya kwa Kiswahili. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mvua si mvua tu? Kwa nini tuseme inatisha?" Nikamjibu kwa yale ya vitabu vya mtihani: dhoruba huashiria hasira, giza huashiria siri. Wakaandika. Mimi mwenyewe sikuyaamini.

Jibu nililipata Juni, Ziwa Bunyonyi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za msimu ule ukungu hulala juu ya maji kama blanketi. Mwenye mtumbwi, mzee aliyejifunza Kiswahili jeshini, alikataa kuondoka. "Ngoja, mwalimu. Tukiingia humu tutazunguka tu." Ukungu ulipoinuka, akanionyesha Akampene, kisiwa kidogo ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa waliachwa. Hakikuwa na ukuta wala mlinzi. Maji yalitosha, kwa kuwa wengi wao hawakujua kuogelea. Kisha baridi na njaa.

Nilikaa kimya njia nzima. Mandhari ile haikuwa *ikiashiria* kifungo. Ilikuwa kifungo chenyewe.

Darasani nikawaambia wachukue penseli, wafute kila sentensi ya theluji katika sura za mwanzo, halafu tuone kinachobaki. Kilichobaki ni kidogo mno! Bila theluji, Lockwood, msimulizi aliyekwenda kumtembelea mwenye nyumba ya Wuthering Heights, anarudi kwake jioni ileile. Halali katika chumba kile cha zamani, hasikii tawi likigonga dirisha, havunji kioo ili alishike na badala yake akakuta mkono mdogo, baridi kama barafu. Wala harudi kesho yake amechoka na kuganda kwa baridi, akamwomba Nelly, mtunza nyumba wake, amsimulie habari za watu wa nyumba ile. Riwaya yote hiyo, iliyochapishwa mwaka 1847, imefunguliwa na njia iliyofungwa.

Baada ya hapo hata nyumba waliisoma upya. Jina lake limetokana na neno la watu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, la kueleza vurumai ya upepo wakati wa dhoruba. Miti imeinama upande mmoja. Madirisha ni membamba, yamezama ndani ya ukuta. Yule binti akasema wanaoishi humo nao wamejengwa hivyohivyo, na sikuwa na la kuongeza.

Mwishowe niliwataka waandike ukurasa mmoja wa kwao, bila theluji ya kuazima. Kijana mmoja aliandika kuhusu asubuhi ya ukungu, anamsubiri mama yake kutoka kisimani. Anasikia jerikeni ikigonga mawe, inapanda, inakaribia, kisha inasimama. Anaita. Haitikiwi. Neno "hofu" halikuwemo hata mara moja. Nilimwomba atusomee tena, polepole, na safari hii darasa zima liligeuka kutazama mlangoni.