Ping inajibu, printa haiprinti

Hii ilikuwa 2022, nikiwa mtu wa IT kwenye ofisi moja ndogo, na ukiwa mtu wa IT ofisi ndogo maana yake kila chenye waya ni chako, hadi birika la chai. Jumatatu ya mwisho wa mwezi mhasibu akanipigia, njoo basi kaka, printa imegoma na slipu za mishahara hazijatoka.

Nimefika nakuta kompyuta ameshaizima akaiwasha, printa ameshaifuta kwenye kompyuta akairudisha, na jamaa wa meza ya jirani ameshamwekea draiva upya, ile programu ya kuendesha printa, yaani kila mtu na dawa yake. Kwenye skrini imeandikwa Offline, foleni imejaa dokumenti ile ile maana kila akiona haitoki anabonyeza tena. Printa yenyewe pale pembeni taa ya kijani inawaka, karatasi ipo, wino upo, haina habari na mtu.

Kilichotuchanganya zaidi ni dada mmoja wa upande wa pili, yeye alikuwa anaprinti kama kawaida kutoka kwenye laptop yake, printa hiyo hiyo. Kwa hiyo hukumu ilishatoka, kompyuta ya mhasibu ni mbovu. Nikazunguka kuuliza wengine nikakuta nao wamekwama toka asubuhi, walinyamaza tu wakisubiri mwenzao aanze kulalamika.

Basi nikakaa kwenye kiti cha mhasibu. Mimi kabla ya kugusa draiva naangalia kwanza kompyuta inapeleka kazi wapi, unaingia Printer properties, halafu Ports. Yake ilikuwa imefungwa kwa TCP/IP kwenda 192.168.1.23, yaani anwani ya printa kwenye mtandao wa ofisi, port 9100 ambayo ndiyo mlango ambao printa nyingi za mtandao zinapokelea kazi. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri nikaandika ping 192.168.1.23, yaani unaiita anwani uone kama kuna anayejibu. Ikajibu, paketi zote nne zimerudi, hakuna iliyopotea.

Hapo ndipo watu wengi wanapotelea, ping ikijibu wanasema mtandao uko sawa halafu wanarudi kupigana na draiva hadi jioni. Nikasafisha kwanza na spooler, ile programu inayoshika foleni ya kuprinti, maana zile nakala zilikuwa nyingi mno: net stop spooler, ukaingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ukafuta vilivyomo, net start spooler. Foleni ikawa nyeupe. Nikatuma ukurasa wa majaribio, ukaingia kwenye foleni ukakaa hapo hapo.

Nikairudia ile ping, safari hii nikaangalia muda. Printa iliyochomekwa waya kwenye swichi ya chumba hicho hicho inatakiwa ijibu chini ya milisekunde 1, labda 1 au 2 ikichelewa sana. Hii ilikuwa inajibu 94, halafu 6, halafu mia mbili na kitu. Kitu cha waya hakina tabia hiyo, hiyo ni tabia ya kitu cha waifai kinachosinzia kutunza chaji, yaani simu. Nikaingia PowerShell nikaandika Test-NetConnection 192.168.1.23 -Port 9100, jibu likaja PingSucceeded True, TcpTestSucceeded False, yaani ping imejibiwa ila port 9100 haijaitikia. Umepiga hodi ukaitikiwa, ila aliyeitikia siye mwenye nyumba.

Ili nisibishane na mtu nikaandika arp -a, ile inakuonyesha namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, kwa kila anwani ambayo kompyuta imeongea nayo karibuni. Ya .23 herufi yake ya pili ilikuwa a. MAC ikiwa na 2, 6, a au e kwenye nafasi ya pili maana yake haikutoka kiwandani, kifaa kimejitungia chenyewe, na simu zinafanya hivyo kwenye waifai ili zisifuatiliwe, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14. Nikaenda kwenye printa, nikabonyeza menyu yake nikatoa ile karatasi ya mipangilio, na hapo mambo yote yakawa wazi: printa iko 192.168.1.31, MAC tofauti kabisa.

Sababu ilikuwa ya kijinga tu. Wikendi mafundi wa umeme walizima jengo zima. Rauta yetu ilikuwa ile ya bei nafuu, ikizimika inasahau nani ilimpa anwani ipi. Jumatatu wenye simu wakaingia mapema, rauta ikaanza kugawa upya, .23 ikaona haina mtu kwa sababu printa ilikuwa bado haijawashwa, ikampa wa kwanza. Printa ilipowashwa ikaomba ile anwani yake ya zamani ikakataliwa, ikachukua iliyopewa. Na aliyeiweka hapo mwanzo, kabla yangu, aliiacha ijipatie anwani yenyewe bila kuihifadhi popote, kitu ambacho mpaka leo nikikikuta kwenye ofisi ya watu huwa nanuna.

Na yule dada? Laptop yake ilikuwa imeunganishwa kwa WSD, ambayo inaitafuta printa kwa utambulisho wake na sio kwa anwani, kwa hiyo printa ilihama na yeye akahama nayo bila kujua. WSD naichukia kwa sababu zangu nyingine, ila siku hiyo ilinifunga mdomo.

Kurekebisha ningeweza kupita kila kompyuta nikabadilisha port iwe .31, kazi ya dakika chache kwa kila moja, halafu umeme ukikatika tena tunaanza upya. Nikaona bora printa ndiyo irudi .23 na kompyuta zisiguswe. Nikaingia kwenye rauta, nikaihifadhia MAC ya printa anwani ile. Shida ikabaki kwa mwenye simu, maana hawezi kuondoka mpaka muda wake wa kushika anwani hiyo uishe, na kuomba ofisi nzima izime waifai ni kutafuta ugomvi. Nikabadilisha paswedi ya waifai. Kusema kweli nilikuwa natafuta sababu ya kuibadilisha siku nyingi, ilikuwa inajulikana mpaka na wageni. Nikazima rauta nikaiwasha, printa nayo hivyo hivyo, nikatoa karatasi ya mipangilio tena, .23.

Sasa foleni niliyosafisha ni ya mhasibu peke yake, nikasahaulishwa na kelele za waifai kwamba wale walionyamaza nao walikuwa wamebonyeza na kubonyeza. Printa ikaanza kutema, ripoti ile ile tena na tena, barua ya likizo, na CV ya mtu ambaye sitamtaja, aliikimbilia kabla bosi hajatoka ofisini kwake.

Slipu zikafuata, mhasibu akazibeba zikiwa bado za moto. Ikabaki kompyuta moja tu inasema Offline hata baada ya 9100 kuitikia vizuri, hiyo ilikuwa ile alama ya SNMP Status Enabled kwenye Configure Port, kompyuta inaiuliza printa hali yake kwa SNMP, isipojibiwa inaamua printa haipo wakati ipo. Nikaitoa alama, ikaprinti. Siku nzima iliyobaki nikawa naandika paswedi mpya kwenye simu za watu.