Folda ya taarifa iliyogoma kufunguka

Mwaka 2019 nilikuwa Mwanza, kuna mzee jirani yetu ana duka la dawa za mifugo, mjukuu wake kamaliza fomu siksi anasubiri chuo, basi akawa anamtengenezea babu kiprogramu cha kuhesabia stoo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Siku hiyo akanipigia, "bro njoo, kompyuta ya babu imerogwa". Jana ilisoma faili fresh tu, leo inakataa na faili lipo pale analiona.

Nikajua ni yaleyale ya ng'ombe. Kabla ya hapo alishaandika 'Ng'ombe wangapi?' na ile alama ya juu ya ng' Python ikaiona ndo mwisho wa maneno, ikamrushia SyntaxError (yaani umekosea kuandika), tukambadilishia alama za pembeni zikawa "..." ikaisha. Kiswahili na alama moja moja haviivi kabisa.

Kumbe hii ilikuwa nyingine. Zamani njia ya faili ilikuwa 'D:\mifugo\dawa.csv' na inapiga kazi, sasa kapanga mafaili upya imekuwa 'D:\mifugo\taarifa\namba.csv'. Erori inasema Errno 22, yaani ilichopewa hakifai, halafu inakurudishia njia yako karibu vilevile ulivyoandika, unakodoa macho huoni kitu. Ila bekslashi (ile \) ya mifugo imetoka mbili, \\, maana erori huandika bekslashi halisi mara mbili, hizo nyingine zimebaki mojamoja, hapo ndo nikashtuka. Nikamwambia aiprinti hiyo njia tuione. Ikatoka D:\mifugo, pengo kubwa, aarifa, mstari ukakatika, chini yake amba.csv! Dogo alicheka mpaka babu akaacha mteja dirishani akaja kuchungulia.

Yaani \t kwa Python ni Tab na \n ni mstari mpya, ila \m na \d hazina maana yoyote kwake kwa hiyo anaziacha zilivyo, ndo maana mwanzoni ilikuwa inapita, bahati tu ya herufi.

"Sasa mwanangu, dawa yake nini?" babu akauliza. Tukaweka r mbele ya stringi (hayo maneno ya ndani ya alama), r inaiambia Python iziache bekslashi zilivyo, ikafunguka. Dogo akanogewa akaandika na r'D:\mifugo\' ikagoma tena, maana bekslashi ya mwisho inaikamata alama ya kufungia hata kama r ipo, sijui nani aliamua hivyo. Akakasirika akageuza zote kuwa 'D:/mifugo/', Windows wala haikulalamika, na babu akataka kujua dawa za minyoo zimebaki chupa ngapi maana mteja bado kasimama.