Kusomea Sumu

Mama amenipigia leo baada ya ibada. Tukaulizana hali, akauliza wajukuu wanaendeleaje, kisha akashusha sauti: "Baba yenu kaniambia unarudi shule. Unakwenda kusomea sumu?"

Nilimwelewa. Kijijini kwetu mtu anayejua sumu hatajwi hadharani, na mwanamke anayejua sumu ndiyo kabisa. Nikamwambia, "Mama, nakwenda kusomea namna ya kuwakinga watu nayo." Akakaa kimya kidogo. "Haya, mwanangu. Ila majirani nitawaambia unasomea dawa."

Hajakosea. Kozi ninayoitaka ni famakolojia na toksikolojia, dawa na sumu kwa pamoja, ngazi ya uzamili. Paracelsus, tabibu wa zamani wa Ulaya, aliandika mwaka 1538 kwamba kipimo ndicho kinachofanya kitu kiwe sumu au kisiwe. Tulikariri hilo mwaka wa pili chuoni kwa ajili ya mtihani, na nilijibu vizuri tu. Maana yake nilikuja kuipata kwenye dirisha la kutolea dawa, nikiwa kazini.

Ilikuwa 2016, nami ni mfamasia mpya katika hospitali moja mkoani Dodoma. Katikati ya mwaka wakaanza kuletwa wagonjwa, wengi wao watoto, macho ya njano, matumbo yamejaa, wanatapika. Mwanzo tulidhani ni homa ya ini ya kawaida. Baadaye ikajulikana ni sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi ya kulimwa nyumbani. Hadi mwisho wa Novemba, Dodoma na Manyara kwa pamoja, walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Mama mmoja alikuja dirishani na karatasi ya daktari. Mtoto wake alikuwa na miaka minne hivi. Kwenye karatasi kulikuwa na dripu na vitamini K, basi. Nilipompa, hakuondoka. Alifungua fundo la kitenge chake akamwaga mahindi kwenye kaunta, kama viganja viwili. Punje ndogo, nyeupe, za msimu wa ukame. Mbili tatu zilikuwa na vumbi la kijani pale kwenye kiini, nyingine zote ungeziona safi. "Daktari, haya ndiyo tunayokula. Nimelima mwenyewe. Yana nini?"

Nilizinusa. Hazikuwa na harufu yoyote. Nikamweleza kuhusu kuvu, na kwamba sumu yake haiondoki hata ugali uive vipi. Akauliza swali ambalo lingekuja kwa yeyote: "Sasa dawa yake ni ipi?"

Haipo. Mtu akinywa paracetamol kupita kiasi na akawahi, tunayo asetilisisteini, na ini linaokoka. Kwa sumukuvu unaongeza maji, unazuia damu isitoke, unasubiri. Nyuma yangu kulikuwa na rafu zimejaa dawa kutoka chini hadi juu, na hakuna hata moja ya kumpa. Mtoto yule alifariki Alhamisi.

Tangu hapo nimekuwa nasoma usiku, kidogokidogo. Nilichojifunza kinanisumbua hadi leo. Sumukuvu aina ya B1 ikiingia tumboni bado haijafikia ukali wake. Ini ndilo linaloibadilisha, kwa familia ileile ya vimeng'enya inayochakata dawa zetu, na kile kinachotoka hapo ndicho kinachojibandika kwenye DNA ya seli. Mwili unajaribu kuitoa na katika kujaribu unaifanya kali zaidi. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini B hatari ya saratani ya ini inaongezeka mara nyingi. Ndiyo sababu sitaki famakolojia peke yake wala toksikolojia peke yake. Ini ni hilohilo moja.

Sasa chuo. Dirisha la maombi linafungwa wiki ijayo, na kwa miezi minne nimekuwa nikichagua kwa njia ambayo naona haikuwa sahihi. Nilianza na jina. Kisha ada. Kisha ukaribu na watoto. Yote ya maana, ila hakuna hata moja linalojibu kama nitakachokitaka nitakipata hapo.

Moyo wangu uko Upanga. Muhimbili ndiko nilikosomea famasi, miaka minne, najua hadi mti wa kukaa chini yake mchana. Wagonjwa wako hatua chache tu, na kuna Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Ningekuwa nauliza kuhusu mitishamba inayonywewa pamoja na dawa za hospitali, nisingetafuta pengine. Shemeji yangu aliyeko Uingereza naye alinitumia majina ya vyuo, mashine zao za ajabu. Nilishukuru kwa dhati, lakini mahindi yangu yako Kondoa na watoto ninaotaka kujua habari zao wako Chemba. Huko ningekwenda kufanya utafiti wa swali la mtu mwingine.

Kuna chuo kimoja nilikwenda mwenyewe, sitakitaja. Kwenye tovuti yao kulikuwa na picha ya HPLC, ile mashine ya kutenganisha kemikali na kuzipima. Fundi sanifu wa maabara alinipokea kwa ukarimu sana. Mashine ilikuwepo kweli, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni zamani. Pembeni yake kulikuwa na daftari la matumizi. Nikaomba kulitazama. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe ya miaka miwili nyuma, na mbele yake neno moja: "pampu". Yule kaka aliona nilichokiona. Akaniambia polepole, "Dada, ukienda kokote, omba daftari kwanza. Usiombe kuonyeshwa mashine." Nadhani ni ushauri bora kuliko wote niliopewa, na alikuwa halazimiki kunipa.

Kilichonigeuza hasa ni barua pepe. Nilimwandikia profesa mmoja, ukurasa mzima, sifa zangu, ndoto zangu. Alinijibu mistari miwili tu: una swali, au una hamu ya shahada? Niandikie swali lako kwa sentensi moja.

Siku tatu. Niliandika nikafuta, niliandika nikafuta, nikiwa dirishani, nikiwa kwenye daladala. Wale 20 walikula sumu nyingi kwa muda mfupi, wakaonekana. Mimi nawafikiria wasioonekana, wanaokula kidogo kila siku. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, lakini nani anapima gunia lililo chumbani kwa bibi? Hatimaye nikamtumia hii: mtoto anayekula sumukuvu kidogo kila siku, kwenye ugali na kwenye maziwa, anafikisha miaka mitano akiwa amebeba kiasi gani?

Maziwa yaliingia mwishoni, na ndiyo yaliyonipa chuo. Mahindi yaliyooza kwetu hayatupwi, anapewa ng'ombe. Ng'ombe anaibadilisha sumu ile kuwa aina ya M1 na kuirudisha kwenye maziwa, anakunywa mtoto yuleyule. Kumbe swali langu halikai hospitalini peke yake. Nikaanza kutazama upande wa mifugo, ambako sikuwahi kufikiria kutazama. Morogoro, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna watu wa mifugo na watu wa chakula. Na Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya wanyama, ipo idara ambayo jina lake lina afya ya jamii, famakolojia na toksikolojia, vyote vitatu. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilinyanyuka kitini.

Nairobi ni mbali. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Likizo utakuwa unakuja?" Nikasema nitakuja. Akasema, "Basi jaza." Halafu akaenda kuwaogesha watoto, nami nikabaki nimekaa na ile fomu, machozi yananitoka.

Nimejaza. Kabete ya kwanza, SUA ya pili. Kesho nitawaandikia wote wawili kuuliza kuhusu daftari.

Sasa ni saa nne usiku. Nina ungo mapajani, nachambua mahindi ya kupeleka mashineni asubuhi. Zilizovunjika na zenye vumbi la kijani naziweka kwenye kopo pembeni. Dada wa nyumbani amepita akataka kulichukua ampe jogoo, kama tulivyozoea siku zote. Nimemwambia aliache, nitalifukia mwenyewe kesho.