Begi chini ya kitanda

Kwa miezi mitatu mtoto wa dada yangu aliishi kwangu, hapa Tanga, nguo zake zote zikiwa ndani ya begi. Nilikuwa nimemwachia droo mbili za kabati, lakini kila alipofua na kupiga pasi alizikunja, akazirudisha begini na kufunga zipu. Nikadhani ni unadhifu wa mtoto aliyelelewa vyema.

Alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili. Wazazi wake walikuwa wametengana baada ya ugomvi wa muda mrefu, dada amekwenda Dodoma kutafuta riziki, na sisi watu wazima tukakubaliana kwa simu kwamba akae kwangu mpaka mambo yatulie. Yeye hakuulizwa, wala hakuna aliyemweleza kama ni mwezi mmoja au miaka mitatu.

Sikuona huzuni, niliona kiburi. Alijibu kwa mkato, alisonya, alishinda amelala, na sahani yake ilirudi jikoni na ugali uleule. Alama zake za shule ziliposhuka, nilimkaripia na kumnyang'anya simu, ambayo ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kuzungumza na mama yake. Kosa hilo bado linaniuma.

Muuguzi wa afya ya akili ndiye aliyenifafanulia kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira za karibu, na kwamba dalili hizo zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kubadilika kwa usingizi na kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, mtoto anahitaji kupimwa, si kuchapwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Sisemi kwamba wazazi ndio wanaosababisha sonona. Ina vyanzo vingi, kurithi kukiwemo. Hata hivyo, nyumba inaweza kuzidisha mzigo. Mara nyingi kinachomuumiza mtoto zaidi ya talaka yenyewe ni ugomvi usiokwisha anaousikia usiku kupitia ukutani. Ada inapokosekana, mzazi huishiwa uvumilivu, na mtoto huonja ukali ambao hajui umetoka wapi. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani alitofautisha wazazi wanaoamuru bila kueleza, wanaoachia kila kitu, na wanaoshika sheria huku wakimsikiliza mtoto. Mimi, kwa mapenzi yangu yote, nilikuwa wa kundi la kwanza.

Muuguzi alimwuliza mtoto anaishi wapi. Akanitazama, akasema, "Kwa mama mdogo napita tu."

Jioni ile nilimpigia dada, tukaweka sauti ya nje, naye mwenyewe akamweleza mwanawe kwamba atakaa Tanga mpaka amalize kidato cha nne, na kwamba likizo atakwenda Dodoma. Aliuliza maswali mawili tu: kama baba yake anajua, na kama simu atarudishiwa. Nilimrudishia palepale.

Bado tunakwenda kliniki kila baada ya wiki mbili, na zipo siku ambazo hafungui mlango wa chumba. Wiki iliyopita nilikuta fulana mbili kwenye droo ya juu. Begi bado liko chini ya kitanda, limejaa nusu.